Ukiona Vyaruka, Vimeundwa: Minara ya Kuwakumbuka Waanzilishi wa Ndege

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo vya majini, kwani ndege hawakuwa wameziona. Laiti wangaliziona, naamini wangaliongeza kwamba ukiona vyaruka, navyo pia vimeundwa! Siku hizi ndege hupita juu ya paa za madarasa yetu na hakuna anayejali, isipokuwa wale ndugu zetu wa kidato cha kwanza, tena hasa wakati wa kipindi cha hesabu. Ndege zimekuwa jambo la kawaida kama matatu barabarani.

Je, wale waliotangulia kuziunda na kuzirusha wanakumbukwaje? Nchi mbalimbali zimewajengea minara, mawe na sanamu. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kumbukumbu hizo: zilijengwaje, zinasema nini, na zinanyamazia nini. Msimamo wangu nautoa mapema ili mwalimu wa mijadala asije akaniuliza, "Hoja yako ni ipi?" Hoja yangu ni hii: kumbukumbu bora si ile iliyo ndefu kuliko zote. Ni ile inayoweza kujibu maswali manne bila kugugumiza. Jambo lilitendeka wapi? Lilitendeka lini? Lilikuwa la kiasi gani? Na walikuwapo akina nani? Tutayatumia maswali haya kama mizani, na mwishowe tutaipima nchi yetu wenyewe.

MAHALI PENYEWE NA SIKU YENYEWE

Tuanze na mahali panapojulikana zaidi duniani kwa jambo hili. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, kuna ukanda mwembamba wa mchanga ulio baharini, karibu na kijiji kiitwacho Kitty Hawk. Ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walikwenda huko kutoka mji wao wa Dayton katika jimbo la Ohio. Hawakuwa maprofesa wala matajiri. Walikuwa na duka la kuunda na kutengeneza baiskeli. Walipachagua mahali hapo kwa sababu tatu: palikuwa na upepo wa kutosha, palikuwa na mchanga laini wa kuangukia, na hapakuwa na watu wengi wa kuwasumbua kwa maswali.

Mwaka 1900 walifika na ndege isiyo na injini, ya kuelea tu kwa nguvu za upepo. Walirudi tena 1901 na 1902, wakiruka kutoka kwenye kilima cha mchanga kiitwacho Kill Devil Hill, wakianguka, wakitengeneza, wakiruka tena. Mwaka 1903 walirudi na ndege yenye injini ya nguvu farasi 12, ambayo ilitengenezwa na fundi wa duka lao, Charlie Taylor. Tarehe 14 Desemba Wilbur alijaribu kwanza, ndege ikainua pua kupita kiasi na kuanguka mchangani. Wakaitengeneza. Tarehe 17 Desemba 1903, asubuhi yenye baridi kali na upepo mwingi, ikawa zamu ya Orville. Ndege ikateleza juu ya reli ya mbao, ikainuka, ikakaa hewani kwa sekunde 12, ikatua. Siku hiyo waliruka mara nne kwa kupokezana.

Hapo tayari maswali mawili yamejibiwa, la wapi na la lini. Lakini ngoja kidogo! Swali la wapi si rahisi kama linavyoonekana.

KILIMA KINACHOHAMA

Tatizo la mchanga ni kwamba hautulii. Kilima cha Kill Devil kilikuwa tuta kubwa la mchanga mtupu, lenye urefu wa kama futi 90 kwenda juu, na upepo ulikuwa ukikisukuma mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1927 serikali ya Marekani ilipoamua kujenga mnara mahali hapo, kilima hakikuwa tena pale kilipokuwa mwaka 1903. Kilikuwa kimehama! Utajengaje mnara wa mawe juu ya kitu kinachotembea?

Wahandisi wa jeshi waliopewa kazi hiyo hawakuanza na mawe. Walianza na nyasi. Kuanzia mwaka 1929 walipanda nyasi na vichaka vinavyostahimili mchanga mpaka mizizi ikakikamata kilima kikatulia. Sisi tunaosoma jiografia tunajua somo la mmomonyoko wa udongo, eti kazi yake ni kutupatia alama za mtihani tu. Kumbe somo hilo ndilo lililousimamisha mnara maarufu wa ndege!

Baada ya kilima kutulia, mnara wa graniti ukajengwa juu ya kilele. Una urefu wa futi 60, na ubavuni umechongwa mfano wa mabawa, hivi kwamba ukiutazama unadhani unataka kuruka. Ulizinduliwa mwezi wa Novemba 1932. Wilbur hakuuona, kwa maana alifariki mwaka 1912 kwa homa ya matumbo akiwa na umri wa miaka 45. Orville alikuwapo, mzima wa afya, akiutazama mnara uliojengwa kwa jina lake. Ni wanadamu wachache sana ambao hupata bahati hiyo. Wengi wetu husifiwa siku ambayo hatuwezi tena kusikia.

Mnara huo ni wa kupendeza, lakini una kasoro moja. Umesimama juu ya kilima ambako ndugu hao walijifunza kuelea bila injini. Safari zile nne za tarehe 17 Desemba hazikuanzia huko juu. Zilianzia chini, kwenye uwanja tambarare. Mgeni akitazama mnara pekee anaweza kuondoka akidhani ndege ya kwanza ilirushwa kutoka kilimani kama jiwe la manati. Hilo si kweli, na tofauti yake ni kubwa. Kitu chochote kinaweza kuteremka kutoka mlimani. Ajabu ya siku ile ni kwamba chombo kizito kiliinuka chenyewe kutoka mahali tambarare, kikabeba mtu, kikatua mahali palipo sawa na kilipoanzia.

MAWE MANNE

Kwa bahati nzuri, chini ya kilima kuna kumbukumbu nyingine, nayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko mnara. Tarehe 17 Desemba 1928, yaani miaka 25 kamili baadaye, jiwe kubwa liliwekwa mahali ndege ilipoinukia. Walijuaje mahali penyewe, ilhali mchanga ulikuwa umebadilika? Waliwauliza mashahidi. Watatu miongoni mwa watu walioshuhudia kwa macho yao mwaka 1903 walirudi pale, wakatazama, wakakumbuka, wakakubaliana, na kuandika ushahidi wao. Angalia vizuri hapo, msomaji. Kama wangalingoja miaka mingine 25, pengine hakungalikuwa na wa kuulizwa.

Kutoka kwenye jiwe hilo la kuanzia, kuna mawe mengine manne yaliyopangwa kwa mstari. Kila moja linaonyesha mahali ambapo safari moja iliishia. La kwanza liko futi 120 kutoka mwanzo, yaani mita 36 na nusu. La pili liko kama futi 175. La tatu liko futi 200. La nne, lile la safari ya mwisho ya Wilbur, liko mbali kabisa, futi 852, ambazo ni kama mita 260. Safari hiyo ya mwisho ilichukua sekunde 59.

Tarakimu hizi zikibaki karatasini hazina ladha. Kwa hivyo mimi na wanachama wenzangu wawili tulichukua kamba tukaenda uwanjani jioni moja baada ya michezo. Tulianza kwenye mstari wa goli. Safari ya kwanza ya ndege iliishia kabla ya kufika katikati ya uwanja! Ya pili na ya tatu zilivuka katikati kidogo tu. Lakini ya nne ilitushinda, ikabidi tupime uwanja mara mbili na nusu. Mwenzangu mmoja akacheka, "Hiyo ya kwanza hata kipa wetu anaweza kuirusha kwa mguu." Ni kweli. Tena mabawa ya ndege aina ya Boeing 747, kutoka ncha hadi ncha, yana zaidi ya mita 59. Ina maana safari nzima ya kwanza ya ndege ingeweza kufanyika juu ya mabawa ya 747, na nafasi ingebaki.

Jambo jingine tuligundua kwa kupiga hesabu. Mita 36 na nusu kwa sekunde 12 ni mwendo wa mita tatu hivi kwa sekunde. Mkimbiaji yeyote wa mbio ndefu katika shule yetu angeipita ndege hiyo bila kutokwa na jasho. Je, ilikuwa dhaifu kiasi hicho? La hasha! Ilikuwa ikienda dhidi ya upepo uliovuma kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Mabawa hayajali mwendo wako juu ya ardhi. Yanajali mwendo wa hewa inayopita juu yake na chini yake. Upepo uliisaidia kuinuka, lakini huohuo ukaichelewesha kwenda mbele. Ni kama kuogelea dhidi ya mkondo wa mto: mikono inafanya kazi kubwa, ukingo wa mto hausogei.

Hii ndiyo faida ya kumbukumbu inayojibu swali la tatu, la kiasi gani. Mnara wa kilimani unasema kuwa ndugu hawa walikuwa mashujaa. Mawe manne hayasemi hivyo. Yanakuambia, "Tembea mwenyewe uone." Ukitembea hatua 40 hivi unafika jiwe la kwanza na huenda ukadharau. Ukiendelea mpaka la nne, dharau inakwisha. Asubuhi hiyohiyo, kwa ndege ileile, waliongeza umbali zaidi ya mara saba. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimepimwa kwa futi.

UGOMVI WA NANI ALITANGULIA

Huenda unajiuliza, kwa nini kujisumbua na vipimo hivi vyote? Si tungesema tu kwamba waliruka, yaishe? Haikuisha, ndugu yangu. Waliposema wameruka, wengi hawakuwaamini. Hata baadaye, ubishi kuhusu nani alikuwa wa kwanza uliendelea kwa miaka mingi, nao uliingia hadi ndani ya jumba kubwa la makumbusho.

Siku tisa tu kabla ya safari ya ndugu Wright, tarehe 8 Desemba 1903, ndege ya Samuel Langley ilirushwa kutoka juu ya mashua katika mto Potomac ikatumbukia majini. Langley alikuwa mkuu wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, mtu msomi aliyeheshimika na aliyepewa fedha na serikali. Baada ya kifo chake, mwaka 1914, ndege yake ilifanyiwa mabadiliko mengi, ikaruka kidogo. Smithsonian wakaiweka katika maonyesho na maandishi yaliyodai kuwa ndiyo ndege ya kwanza duniani iliyokuwa na uwezo wa kuruka na mtu.

Orville alikasirika mno. Mwaka 1928 aliichukua ndege ile ya 1903 akaipeleka London, Uingereza, ikawekwa katika jumba la makumbusho ya sayansi. Fikiria! Mwaka huohuo ambao Wamarekani walikuwa wakiweka jiwe la kumbukumbu North Carolina, ndege yenyewe ilikuwa ikitoka nchini kwao. Ilikaa ugenini miaka 20. Mwaka 1942 Smithsonian walikubali hadharani kwamba madai yao hayakuwa sawa. Orville alifariki Januari 1948, na ndege ikarudi Washington ikawekwa katika maonyesho tarehe 17 Desemba mwaka huohuo.

Hata leo ubishi haujazimika. Huko Brazili ukisema ndugu Wright ndio waliotangulia, utapata wa kukujibu. Wao humheshimu Alberto Santos-Dumont kama baba wa urubani. Tarehe 12 Novemba 1906, katika uwanja wa Bagatelle, Paris, aliruka mita 220 kwa muda wa sekunde 21 na kidogo, mbele ya umati na mbele ya waamuzi wa chama cha urubani cha Ufaransa. Watetezi wake husema ndege yake iliinuka kwa magurudumu yake yenyewe, haikuhitaji reli wala upepo mkali. Watetezi wa Wright hujibu kuwa yeye alichelewa miaka mitatu. Mimi nikiulizwa, nasema Wright walitangulia, kwa sababu tarehe ni tarehe. Lakini napenda jinsi Santos-Dumont alivyokumbukwa. Pale Bagatelle kuna jiwe linalotaja siku, muda na umbali. Halipigi kelele. Linatoa ushahidi tu.

WAFARANSA, WAINGEREZA NA WANAKIJIJI

Isidhaniwe kuwa waliowakumbuka ndugu Wright wa kwanza ni serikali yao. Mwezi wa Agosti 1908 Wilbur alirusha ndege karibu na mji wa Le Mans, Ufaransa, katika uwanja wa mbio za farasi. Kabla ya siku hiyo Wafaransa wengi walimwona kuwa mwongo. Baada ya dakika mbili hivi za kumwona akipinda kona angani, walibadilika wakamshangilia. Mwaka 1920 mji wa Le Mans ulimjengea mnara wa ukumbusho uliochongwa na Paul Landowski, ndiye huyohuyo aliyebuni ile sanamu kubwa ya Yesu iliyoko Rio de Janeiro. Yaani ugenini alisifiwa kwa jiwe mapema kuliko nyumbani. Ama kweli, nabii hakosi heshima isipokuwa kwao.

Uingereza nao wana kumbukumbu inayonifurahisha sana. Tarehe 25 Julai 1909 Mfaransa Louis Blériot alivuka bahari nyembamba iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, safari ya kama dakika 36, akatua karibu na ngome ya Dover. Pale alipotua hapakujengwa mnara. Walipanga mawe ardhini kwa umbo la ndege yake, katikati ya majani. Ukifika unaona mabawa, mwili na mkia vimelala chini. Kumbukumbu hiyo haikulazimishi uinue shingo. Unainama na kuona kuwa chombo kilichovuka bahari kilikuwa kidogo kiasi gani.

Na wanakijiji wa Kitty Hawk je? Hao nao hawakungoja serikali. Wilbur alipofika mara ya kwanza mwaka 1900, alipokelewa nyumbani kwa Bwana William Tate. Alishonea kitambaa cha mabawa kwa cherehani ya mke wa Tate. Majaribio ya mwaka huo yalipokwisha na ndege ikaachwa, mama huyo alichukua kitambaa hicho akawashonea binti zake magauni. Mwaka 1928 wanakijiji walichanga fedha zao wenyewe, wakaweka nguzo ndogo ya marumaru pale kwa Tate, mahali ambapo ndege ile ya kwanza ilianza kuunganishwa. Ilizinduliwa mwezi wa Mei mwaka huo, miezi kadhaa kabla ya lile jiwe la kuanzia. Hawakuwa na graniti ya futi 60. Walikuwa na kumbukumbu, na mchango wa kila mmoja kadiri ya uwezo wake.

MASHAHIDI WATANO

Sasa tufikie swali la nne, ambalo ndilo gumu zaidi: walikuwapo akina nani? Mnara wa 1932 unataja majina mawili, Wilbur na Orville. Lakini asubuhi ile ya 1903 kulikuwa na watu saba pale mchangani. Wengine watano ni hawa: John Daniels, Will Dough na Adam Etheridge, waliofanya kazi katika kituo cha kuokoa mabaharia, W. C. Brinkley, mnunuzi wa mbao. Na Johnny Moore, kijana wa huko kwao.

Hawakuja kutazama tu. Walisaidia kubeba na kuisukuma ndege hiyo, ambayo haikuwa nyepesi. Daniels aliombwa na Orville asimame karibu na kamera na kubonyeza ndege ikiinuka. Hakuwa mpigapicha, lakini alibonyeza kwa wakati unaofaa. Picha ile unayoiona katika vitabu, ndege ikiwa imeinuka kidogo na Wilbur amesimama pembeni, ni kazi ya Daniels. Bila picha hiyo, wale waliobisha wangalibisha maradufu. Baada ya safari ya nne, upepo mkali uliinua ndege ikabingirika, Daniels akiwa ameishikilia. Akaviringishwa pamoja nayo, akatoka na michubuko, na ndege ikavunjika isiruke tena. Daniels alifariki Januari 1948, siku moja tu baada ya Orville.

Kwa miaka mingi majina haya yalibaki kwa wasomaji wa vitabu. Mwaka 2003, miaka 100 ilipotimia, kumbukumbu mpya ilizinduliwa upande wa pili wa kilima. Ni sanamu za ukubwa wa kawaida: ndege yenyewe, Orville amelala juu yake, Wilbur akikimbia pembeni, na mashahidi nao wapo, Daniels akiwa nyuma ya kamera. Watoto huruhusiwa kupanda juu ya ndege hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 70 kutoka mnara wa kwanza ili wale waliosukuma waonekane pamoja na walioruka. Kawia ufike, wahenga walisema. Afadhali wamefika.

NA SISI JE?

Niliahidi kuipima nchi yetu kwa mizani ileile. Kenya haiko mbali na historia ya urubani kama wengi wanavyodhani. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, watu hulitamka jina lake kila siku bila kujua ni la nani. Ni la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929. Jina ni kumbukumbu nzuri, lakini jina pekee halijibu maswali manne. Muulize abiria yeyote pale Wilson ni nani, uone kama hatakuambia ni Mwingereza fulani mwenye masharubu!

Kule vilima vya Ngong nako kuna nguzo ya mawe juu ya kaburi la Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani aliyekufa ndege yake ilipoanguka Voi mwezi wa Mei 1931. Nduguye ndiye aliyeisimamisha. Watalii huenda kuitazama kwa sababu habari zake zimeandikwa vitabuni na kuonyeshwa katika sinema. Wanasoma jina lake na miaka yake. Lakini ndani ya ndege ile walikuwa watu wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, naye alikufa palepale, siku ileile, katika ajali ileile. Jina lake haliko kwenye nguzo hiyo. Mizani yetu inasema nini hapo? Wapi, ndiyo. Lini, ndiyo. Akina nani? Nusu tu. Sisemi nguzo ibomolewe. Kaburi ni kaburi na tuliheshimu. Nasema anayesimulia habari ya ajali hiyo na kumtaja mmoja hajamaliza kusimulia.

Na Kisumu je? Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa vituo. Zilikuwa ndege zinazotua majini, katika ziwa letu. Kuna watu waliozivuta hadi ufukoni, waliobeba mifuko ya barua, waliouza samaki kwa mafundi wake. Hao ndio akina Daniels wetu. Wengi wao wametangulia mbele ya haki, lakini watoto na wajukuu wao wapo, na baadhi yao ni babu na nyanya za wanafunzi wa shule kama hii.

Kwa hivyo naleta pendekezo mbele ya chama chetu cha Kiswahili. Hatuna fedha za graniti, wala hatuhitaji. Tuna daftari na kalamu. Likizo ijayo kila mwanachama amwendee mzee mmoja wa kwao, amsalimu kwa heshima, kisha amuulize: ndege ya kwanza uliyoiona wewe au aliyoiona baba yako ilitua wapi, mwaka gani, ilikuwa kubwa kiasi gani, na nani walikuwapo? Ayaandike majibu kama yalivyosemwa, kwa jina la msemaji iwapo ataridhia. Majibu hayo tuyachape katika toleo lijalo la gazeti letu. Wale mashahidi watatu wa Kill Devil Hills waliulizwa baada ya miaka 25, wakaweza kuonyesha mahali penyewe. Wetu tumewachelewesha zaidi ya hapo. Mwalimu mlezi akikubali, tuanze na wale wanaotoka Kisumu, Voi na Ngong, kisha wengine tufuate.